Kuishi kijijini Banda, Indonesia: mwongozo wa safari, nyumba na ardhi

Visiwa vya Banda viko mashariki mwa Indonesia, kama kilomita 210 kusini-mashariki mwa Ambon, mji mkuu wa mkoa wa Maluku. Kwa karne nyingi kungumanga na basibasi zilizouzwa duniani zilitoka huko tu. Ndiyo sababu Waholanzi wakiongozwa na Jan Pieterszoon Coen waliivamia Banda mwaka 1621, wakawaua, wakawafukuza au kuwatia utumwani karibu wenyeji wote. Leo ni vijiji vya wavuvi na wakulima wa viungo, wengi wao Waislamu. Mtu wa Pemba au Tanga akishuka gatini haoni ugeni sana: mikarafuu ipo (na ya kwetu asili yake ni Maluku hukohuko), minazi ipo, adhana ipo, muhogo upo. Kufanana huko ndiko kunakowaponza watu. Mtu anajiona yuko nyumbani, anaanza kuharakisha mambo, na la kwanza analoliharakisha ni kiwanja.

Ushauri wangu: ijue bahari kwanza, kisha watu, kisha upange nyumba. Kiwanja kije mwisho, na pengine kisije kabisa. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mtiririko huo, na ni za mtu anayetaka kukaa miezi.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa

Neira ndiyo penye bandari kubwa, soko, benki ya BRI, kituo cha afya na kiwanja kidogo cha ndege. Banda Besar, ambayo wengi huiita kwa jina la kijiji chake cha Lonthoir, iko ng'ambo ya mlangobahari, dakika chache kwa boti, na huko ndiko kwenye mashamba makubwa ya kungumanga chini ya vivuli vya mikenari mirefu, miti inayozaa lozi. Hatta, Ai na Run viko mbali zaidi. Ai ni kama saa moja kwa boti kutoka Neira bahari ikiwa tulivu, Run ni karibu maradufu ya hapo.

Run utaisikia kila siku, maana watu wanapenda kusimulia jinsi Waingereza walivyoiachia Uholanzi katika mkataba wa Breda wa 1667 na wao wakabaki na Manhattan, kisiwa cha New York ya leo. Hadithi ni ya kweli, lakini haikujazii ndoo. Ai na Run hazina mito. Watu hukinga mvua na kuiweka kwenye matangi, na kiangazi kikirefuka maji yanapimwa kwa vikombe. Umeme katika visiwa vya nje umekuwa wa jenereta, wa saa za usiku, kwa miaka mingi, kwa hiyo uliza hali ya sasa kabla hujabeba jokofu. Mtandao wa simu ni Telkomsel. Laini nyingine usizitegemee.

Kwa anayeanza, mimi ningesema Neira au Lonthoir. Ukishaijua ratiba ya boti na ukawa na watu wanaokujua kwa jina, nenda Ai.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Anayejua kusi na kaskazi ataielewa Banda haraka. Katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti, upepo wa mashariki unaotoka upande wa Australia huinua mawimbi makubwa. Desemba hadi Februari huja upepo wa magharibi, na mvua na dhoruba zake. Katikati ya pepo hizo kuna maleleji, ambayo wenyeji huyaita pancaroba: Machi hadi Mei mwanzoni, na Oktoba na Novemba. Fika kipindi hicho. Boti za kasi kutoka Ambon hutembea vizuri bahari ikilala na husimamishwa ikichafuka, na boti ndogo za kati ya visiwa zinaweza kukaa siku kadhaa zimefungwa.

Hata hivyo, kama unafikiria kuhamia, usiishie kukionja kipindi kizuri. Rudi tena Julai. Kijiji kisichofikiwa na boti, samaki wamepungua na sukari imepanda bei, ndicho kijiji utakachoishi sehemu kubwa ya mwaka.

Hatua ya 3: Weka karatasi sawa kabla hujapanda ndege

Ubalozi wa Indonesia upo Dar es Salaam na Nairobi. Aina ya visa inategemea pasipoti yako, kwa hiyo anzia kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya Indonesia au ubalozini, na uwaepuke madalali wa mitandaoni. Visa inayotolewa unapowasili, kwa mataifa yanayoruhusiwa, ni ya siku 30 na huongezwa mara moja tu kwa siku 30 nyingine. Kuzidisha muda ni faini ya rupia 1,000,000 kwa kila siku, na ukipita siku 60 ni kufukuzwa nchini na kupigwa marufuku kurudi. Ukiwa Banda, ofisi ya uhamiaji utakayoiendea iko Ambon, ng'ambo ya bahari uliyosoma habari zake hapo juu. Usisubiri siku ya mwisho.

Visa ya matembezi hairuhusu kazi, na kujitolea kufundisha shuleni kunaweza kuhesabiwa kazi. Anayekusudia kukaa muda mrefu atafute kibali cha ukaazi, KITAS, kwa njia inayomhusu: ndoa, kazi, uwekezaji au ustaafu.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe, kwa kuwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo hudaiwa. Miraa iache. Najua kwa wengine ni jambo la kila siku, lakini katinoni, kilevi kilicho ndani ya majani hayo, imo kwenye daraja la kwanza la orodha ya dawa za kulevya katika sheria ya Indonesia namba 35 ya 2009, na nchi ile haina mzaha na makosa hayo.

Malaria usiidharau kwa kuwa umekulia nayo. Mashariki mwa Indonesia kuna malaria ya vivax pia, ambayo hujificha kwenye ini na kurudi baada ya wiki au miezi. Dawa mseto ya kawaida humaliza vijidudu vya kwenye damu. Vya kwenye ini vinahitaji dawa kama primaquine, na kabla ya kuimeza lazima upimwe kimeng'enya kiitwacho G6PD, kwa sababu aliyepungukiwa nacho anaweza kuharibikiwa damu. Pima nyumbani, ubebe majibu. Neira wana huduma ya afya, ila jambo zito litakupeleka Ambon.

Hatua ya 4: Fika

Kutoka Afrika Mashariki utapita Ghuba au kwingineko hadi Jakarta, kisha ndege ya ndani hadi uwanja wa Pattimura, Ambon. Ukiwa Ambon una njia tatu.

Meli ya Pelni, shirika la meli la serikali, ndiyo njia ya watu. KM Nggapulu na KM Pangrango hupita Banda katika mizunguko yao. Ratiba hutangazwa kwa muda mfupi mbele na hubadilika, kwa hiyo usifunge tarehe ya ndege ya kurudi kwa kuiegemea. Tiketi nunua kwa Pelni yenyewe au wakala wake, kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Daraja la ekonomi ni ukumbi wenye safu za vitanda, kelele, moshi wa sigara na watoto. Panda mapema, funga begi kwa kufuli, lalia pochi. Chakula kipo, ila beba maji yako na vitafunio.

Boti ya kasi huondokea Tulehu, upande wa mashariki wa kisiwa cha Ambon, na huchukua kama saa sita. Kwa anayetapika baharini ni saa sita ndefu sana. Ndege ndogo nayo ipo, lakini viti ni vichache, mzigo unaoruhusiwa ni mdogo na mawingu yakishuka safari huahirishwa. Ukiipata, mshukuru Mungu, ila usiijengee mpango.

Tahadhari ya saa. Maluku iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki. Kwa bahati njema, namba unayoiona kwenye saa ya Banda ndiyo namba ya saa ya Kiswahili nyumbani wakati huohuo: kule ikisoma 3 alasiri, mama yako Mombasa yuko saa tatu asubuhi. Kupiga simu nyumbani kunakuwa rahisi. Balaa liko gatini. Nahodha akisema "jam tujuh pagi", yaani saa 7 asubuhi, anamaanisha saa moja asubuhi yetu, na mtu aliyezoea kusikia "saba" akafikiria mchana atakuta ameshang'oa nanga.

Boti za vijiji vya Ai na Run kwa kawaida huja Neira asubuhi na watu wa sokoni, kisha hurudi kama adhuhuri. Ukikosa hiyo, unakodi boti nzima au unalala Neira. Jaketi la kujiokolea nunua Ambon uwe nalo mwenyewe. Pesa taslimu pia toa Ambon, noti ndogondogo nyingi, kwa sababu mashine ya benki Neira inaweza kuwa tupu, na visiwa vya nje havina mashine.

Hatua ya 5: Jitambulishe

Siku ya kwanza, kabla ya kuogelea, mwambie mwenyeji wako akupeleke kwa RT. Huyo kwa Mtanzania ni mjumbe wa nyumba kumi. Vibao vya "tamu wajib lapor 1x24 jam" utaviona sehemu nyingi: mgeni aripoti ndani ya saa 24. Baada ya RT, nenda kwa mkuu wa kijiji. Katika vijiji vya mila vya Maluku mkuu huitwa raja, na cheo hicho mara nyingi hufuata ukoo. Usiende na orodha ya maswali ya viwanja. Nenda na kahawa na sukari, eleza umetoka wapi, una nani, utakaa mpaka lini.

Heshima iko kwenye namna ya kuita. Mwanaume mzima ni Bapak, au Pak kwa kifupi. Mwanamke ni Ibu. Dada mkubwa Mwislamu huitwa Caca, kaka ni Abang, na wakubwa wa makamo ni Om na Tante. Kumwita mtu mzima jina tupu ni utovu wa adabu huko kama ulivyo kwetu. Mkono wa kulia, viatu mlangoni, magoti na mabega yamefunikwa ukipita kijijini hata kama umetoka kuoga baharini. Ijumaa mchana usipange safari wala shughuli.

Lugha ni Kiindonesia na lahaja ya Kimalei cha huko. Kiingereza utakipata kwenye nyumba za wageni, si kwa muuza samaki. Miezi miwili ya kujifunza inatosha kupatana bei, na maneno kadhaa ya asili ya Kiarabu utayatambua bila kufundishwa.

Kuna desturi moja ya Maluku ambayo mgeni lazima aijue mapema: sasi. Ni marufuku ya muda ya kuvuna kitu fulani, iwe mazao ya shamba fulani, samaki au viumbe wa mwambani, mpaka siku ya kufunguliwa. Alama yake mara nyingi ni makuti machanga yaliyofungwa kwenye mti au kijiti. Ukiona makuti hayo, usichume, usivue, usiokote hata nazi iliyoanguka, mpaka uulize. Adhabu hutolewa na kijiji, na aibu yake hukaa kuliko faini.

Hatua ya 6: Panga nyumba, na ikague kwa jicho la kisiwani

Anza na chumba kwenye nyumba ya familia, pamoja na chakula. Utakula samaki kila siku, mara nyingi kwa mchuzi mwepesi wenye kungumanga, wali au muhogo, na biringanya kwa rojo la lozi za kenari ambalo mimi naliweka juu ya vyakula vyote vya huko. Muhimu zaidi, familia hiyo ndiyo itakayokuwa dhamana yako kwa kijiji.

Ukitaka nyumba nzima, usitazame mandhari kwanza. Tazama paa: mabati yana mifereji inayopeleka mvua kwenye tangi, na tangi lina ukubwa gani? Uliza kisima kikoje mwezi wa kiangazi kikali. Vya karibu na pwani vingi huonja chumvi. Tazama choo kinamwaga wapi. Kisha simama mlangoni ujiulize utakimbilia wapi. Banda imekaa kwenye eneo la matetemeko, tsunami imewahi kuipiga mwaka 1629 na tena 1852, na Gunung Api, volkano iliyo mbele ya Neira, ililipuka Mei 1988 na kutiririsha lava mpaka baharini. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu au kwa nguvu, panda mlimani hapohapo bila kusubiri king'ora. Neira watu wana mwinuko wa ngome ya Belgica. Katika kijiji chako tafuta njia ya juu na uipite usiku mara moja kwa miguu, na tochi.

Mkataba wa kupanga uandikwe kwa Kiindonesia. Sheria namba 24 ya 2009 inataka hivyo mikataba inayohusu raia wa nchi hiyo. Weka muda, kodi, nani anatengeneza paa, nini kinatokea mwenye nyumba akifariki. Kila malipo yawe na risiti, kwitansi, yenye stempu ya meterai ya rupia 10,000 na sahihi juu yake. Wawepo mashahidi wawili, mmoja awe RT. Na usilipe miaka kumi kwa mkupuo hata ukipunguziwa nusu bei. Lipa mwaka, kisha mwaka mwingine.

Hatua ya 7: Ardhi

Sheria ya ardhi ya Indonesia ni namba 5 ya 1960, UUPA. Kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia wa Indonesia. Kifungu cha 26 kinakwenda mbali zaidi: uuzaji wowote unaokusudia kumpa mgeni hak milik, kwa njia ya wazi au ya kuzunguka, ni batili, ardhi inarudi serikalini na pesa iliyolipwa haidaiwi. Lile neno "kuzunguka" ndilo linalohusu kile wanachokiita pinjam nama, kuazima jina: unanunua kwa jina la rafiki, mlinzi au mpishi, mnaandikiana karatasi ya pembeni. Utaambiwa kila mtu hufanya. Mahakamani karatasi hiyo haina nguvu, na rafiki akifa, watoto wake ndio wenye kiwanja.

Anachoweza kupata mgeni ni hak pakai, haki ya kutumia, akiwa na kibali halali cha kukaa. Kwa kanuni ya serikali namba 18 ya 2021 ni miaka 30, nyongeza ya 20, na kuhuishwa kwa 30. Serikali pia imeweka bei ya chini ya nyumba ambayo mgeni anaruhusiwa kununua, na nyumba ya kawaida ya kijijini haifiki huko. Njia ya kampuni ya kigeni inataka uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10. Kwenye visiwa vidogo wawekezaji wa kigeni wana masharti yao ya ziada ya kibali cha waziri, na ukanda wa pwani, angalau mita 100 kutoka alama ya maji makuu, umetengwa. Kile kiwanja cha mchangani kabisa unachoonyeshwa machweo, basi, kisheria ndicho kibaya kuliko vyote.

Hata kama wewe ni raia, au umeoa au kuolewa na raia, kazi haijaisha. Fuata mlolongo huu.

Kwanza uliza historia ya kipande hicho. Baada ya 1621 Waholanzi waliigawa Banda mashamba 68 ya kungumanga yaliyofanyiwa kazi na watumwa; mali za Waholanzi zilitaifishwa baadaye, sheria ya kutaifisha kampuni zao ikiwa ya mwaka 1958. Kwa hiyo shamba linaloonekana halina mwenyewe laweza kuwa la serikali. Kisha uliza nani alikaa hapo kabla ya 1999. Mwaka huo machafuko ya kidini yaliyoanzia Ambon yalifika Banda, Wakristo wengi wakakimbia, na makubaliano ya amani ya Malino yalikuja Februari 2002. Nyumba iliyoachwa wakati ule inaweza kuwa na mwenyewe aliye hai, Ambon au mbali zaidi. Swali hilo liulize kwa upole, faraghani, kwa wazee zaidi ya mmoja.

Pili, tenganisha ardhi na miti. Mpemba hahitaji kuelezwa hili: shamba linaweza kuwa la mtu mmoja na miti ya mwingine. Maluku hali ni hiyo pia. Ukitajiwa bei, hesabu mikungumanga, minazi na mikenari, uulize kila mmoja huchumwa na nani. Ukoo ukitaja majina matano, kusanya sahihi tano.

Tatu, dai sertifikat, hati iliyosajiliwa. Karatasi za zamani za kijiji na za kodi zilipewa na kanuni ileile ya 2021 miaka mitano kusajiliwa. Baada ya hapo zinabaki kuwa dokezo tu. Nakala ya hati ipeleke mwenyewe kuhakikiwa kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya. Banda iko wilaya ya Maluku Tengah, na makao yake ni Masohi, kisiwa cha Seram: unarudi Ambon, unakwenda Tulehu, unapanda boti ya kwenda Amahai, bandari iliyo karibu na Masohi. Ni safari ya kuchosha, na madalali wanategemea kwamba hutaifanya.

Nne, mauziano yafanywe mbele ya PPAT, afisa wa hati za ardhi, baada ya kodi kulipwa: muuzaji asilimia 2.5, mnunuzi hadi asilimia 5 baada ya kiwango kinachosamehewa. Majirani wa pande zote waitwe siku ya kupima mipaka.

Kwa wanandoa wa mataifa mawili: bila mkataba wa kutenganisha mali, nyumba inayonunuliwa ndani ya ndoa inahesabiwa ya wote wawili, na hapo hak milik ya mwenzako raia inaingia matatani. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya harusi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba namba 69 wa kesi ya 2015, unaweza kufungwa hata baada ya miaka ya ndoa. Nenda kwa mthibitishaji, notaris, ukausajili mkataba huo panapostahili, kisha ndipo umlipe muuzaji arubuni.